Samaki wa Kundi: Kwa Nini Wawili Wawili Hawatoshi

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo mara nyingi huchagua kwa jicho. Wawili wekundu, wawili wa buluu, mmoja wa milia, mwingine mwenye mkia mrefu, na tangi linapendeza. Baada ya wiki mbili wale wa buluu wamejibanza nyuma ya chujio na hawatoki hata kwa chakula, yule wa milia anashinda akiwang'ata wenzake mapezi, na mwenye tangi ameanza kutafuta ugonjwa. Anapima maji, anabadilisha chakula, ananunua dawa. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Kilichokosewa ni hesabu: amenunua samaki, hakununua kundi.

Samaki wengi wadogo wa maji matamu wanaofugwa nyumbani ni wa kundi. Tetra neoni, mwenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu unaoishia nusu ya mwili, asili yake ni sehemu za juu za bonde la Amazon. Binamu yake kardinali, ambaye wekundu wake hufika hadi kichwani, hutoka mito ya Rio Negro na Orinoco. Rasibora mwenye alama nyeusi ya pembetatu ubavuni ni wa kusini-mashariki mwa Asia, na danio milia ni wa vijito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Afrika nayo ina tetra wa Kongo, mkubwa kidogo, anayebadilika rangi kadiri mwanga unavyompiga. Koridora, wale kambare wadogo wenye ndevu wanaopekua mchanga kutwa, ni wa Amerika Kusini. Wametoka mabara tofauti, lakini wote ni kitoweo cha samaki wakubwa na ndege, na tabia yao ya kukaa pamoja imejengwa juu ya hilo.

Kundi linamlinda nani

Mwaka 1971 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alitoa hoja isiyo na mahaba hata kidogo. Kwa hoja yake, mnyama hahitaji kuwapenda wenzake ili akae nao. Inatosha atake kumweka mwingine kati yake na hatari. Kila mmoja akikimbilia katikati, kundi linabana lenyewe bila kiongozi wala amri. Wapo wanaodhani neoni ni samaki wapole wanaopendana. Huenda ni wapole, lakini kundi lao halikuanzia kwenye upole.

Yapo manufaa mengine. Mwindaji huona tabu kumlenga mmoja kati ya miili mingi inayofanana na kugeuka pamoja. Jicho lake linahama kutoka huyu kwenda yule na nafasi inampita. Ila kinga hiyo inadai wahusika wafanane. Aliye tofauti kwa rangi au ukubwa ndiye anayeonekana kwanza, na samaki wenyewe wanalijua hilo kwa silika: wakiachiwa wachague, huenda kwa walio kama wao. Ndiyo maana neoni mmoja akiwekwa na rasibora watano hatujapata kundi la sita. Tuna kundi dogo la watano na mpweke mmoja anayewafuata kwa kukosa pa kwenda.

Mawasiliano yao hupita njia mbili kubwa. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni mstari wa ubavuni, safu ya vitundu vidogo vyenye chembe za hisi zinazonasa mtikisiko wa maji, ili samaki ajue jirani yake amegeuka kabla hajamwona vizuri. Kila mmoja anafuata majirani zake wa karibu tu, na kutoka hapo kundi zima linapinda.

Iko na njia ya tatu ambayo wafugaji wengi hawaijui. Mwaka 1938 Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria anayefahamika zaidi kwa kazi yake juu ya nyuki, alieleza kwamba ngozi ya samaki mmoja mdogo wa mito ya Ulaya ikichanika, hutoa kemikali inayowatia wenzake hofu kubwa. Wanabana, wanakimbilia chini, au wanaganda palepale. Samaki huyo yumo katika ukoo mpana unaojumuisha tetra, danio, rasibora, babi na kambare, yaani karibu kila samaki wa kundi anayeuzwa kwa ajili ya tangi la nyumbani. Sasa fikiria mtu anayemkimbiza neoni mmoja kwa wavu, mbio, kona hadi kona, mpaka magamba yanabanduka. Anatazama tangi lililobaki limetulia kimya chini na kusema wameshtuka kwa sababu ya kelele. Yawezekana wanachokinusa ni ngozi ya mwenzao. Dawa yake ni nyepesi: tumia nyavu mbili, moja ikae tuli, nyingine imsukume samaki polepole kuielekea. Toa kwanza mapambo yanayoziba njia. Na kama huna sababu ya maana ya kumkamata, mwache.

Kundi lililobana si kundi lenye raha

Hapa ndipo picha na video zinapowapotosha watu. Mnunuzi anataka kuona neoni ishirini wakiogelea kwa safu, wanageuka kwa pamoja, taa inawaka na kuzimika ubavuni mwao. Anawanunua, na kwa siku mbili tatu za mwanzo wanafanya hivyo hasa. Kisha wanaanza kutawanyika. Huyu yuko kwenye majani, wale watatu wako karibu na mchanga, madume mawili yanatishana kwa kutanua mapezi. Swali linalofuata linajulikana: mbona samaki wangu wameacha kukaa kundi?

Wataalamu hutofautisha hali mbili. Kuna kukaa pamoja, ambapo kila mmoja yuko upande wake lakini hawaachani mbali. Na kuna kwenda kwa mpangilio, kichwa mbele, mwendo mmoja, nafasi sawa. Samaki yuleyule huhama kutoka hali moja hadi nyingine. Mpangilio mkali hutokea wanaposafiri, wanapokuwa mahali pageni, au wanapohofu. Siku zile mbili tatu za mwanzo zilikuwa za woga. Kutawanyika kwao ni dalili kwamba wameyakubali makazi, na mwenye tangi angepaswa kufurahi badala ya kulalamika.

Ushauri unaozunguka kwamba uweke samaki mkubwa mmoja ili awatishe wadogo wabane tena ni mbaya. Unafanya kazi, ndiyo. Unafanya kazi kwa kumlazimisha mnyama aishi katika hofu kila saa ya uhai wake kwa sababu hofu yake inapendeza machoni. Anayependa kuona safu na achague samaki anayeipenda safu hata akiwa ametulia. Tetra wa pua nyekundu anajulikana kwa hilo. Hutembea na wenzake kwa ukaribu tangi zima, na juu ya hayo ana faida nyingine: wekundu wa kichwani mwake hufifia maji yakiharibika au akiwa na wasiwasi. Asubuhi moja ukimkuta amepauka kichwa na wenzake wote wako hivyohivyo, pima maji kabla ya kunywa chai.

Hesabu ya kundi

Namba inayotajwa kila mahali ni sita. Sita si namba ya uchawi, ni mpaka wa chini, na kwa maoni yangu wengi wangefanya vizuri kuanzia nane au kumi. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: katika mwezi wa mwanzo mmoja au wawili wanaweza kufa kwa uchovu wa safari, na aliyenunua sita ghafla ana wanne.

Sababu ya pili ni ugomvi. Ndani ya kundi kuna ngazi za ubabe. Babi milia, yule mwenye mistari minne myeusi, ndiye mfano bora. Wakiwa watatu, mkubwa ana wa kumwonea mmoja, na huyo mmoja anafukuzwa asubuhi hadi jioni mpaka mapezi yanakuwa vitambaa. Wakiwa kumi, mbabe anamfukuza huyu, anakatizwa na yule, anasahau alikuwa anamfuata nani. Fujo ipo, lakini hakuna anayebeba mzigo wote. Wakiwa wachache, fujo hiyo huhamia kwa samaki wa aina nyingine, hasa wenye mapezi marefu. Babi milia amepewa jina baya la mchokozi asiyefugika na wengine, na nusu ya sifa hiyo imetokana na watu kumfuga wawili wawili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha samaki wa aina nne wanaofugwa sana majumbani, wakiwemo neoni na babi milia, katika vikundi vya ukubwa tofauti. Katika vikundi vikubwa ukorofi ulipungua, na samaki walikaa pamoja zaidi. Wafugaji wazoefu walikuwa wakilisema hilo siku zote, lakini ni vizuri limepimwa.

Linalofuata ndilo gumu kulimeza mtu anapokuwa mbele ya matangi ya muuzaji: aina chache, samaki wengi. Katika tangi la sentimita 60, neoni kumi na wawili na koridora sita wa aina ndogo kabisa wanatosha. Ni aina mbili tu, moja ya katikati na moja ya chini. Tangi hilohilo lenye aina sita za samaki watatu watatu lina idadi ileile ya vichwa, lakini ndani yake hakuna kundi hata moja.

Kuhusu ukubwa wa tangi, angalia urefu wa kitako chake kwanza. Kimo kinapendeza tu. Samaki hawa huogelea kwenda mbele, si kupanda juu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54 likijaa hadi juu, yaani kilo 54 za maji kabla hujahesabu kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya kawaida inaweza isilimudu. Danio hufikia sentimita tano hivi tu, lakini ni mwanariadha: mpe sentimita 80 au zaidi. Bakuli la duara si la samaki wa kundi. Wala si la samaki yeyote, tukisema kweli.

Ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji inafaa kwa vijisamaki vya sentimita tatu au nne, basi. Samaki mwenye urefu mara mbili ana uzito wa karibu mara nane, na kinachochafua maji ni mwili, si urefu. Neoni kumi wa sentimita tatu hawalingani kabisa na samaki mmoja wa sentimita thelathini.

Mvutano kati ya kundi na bakteria

Sasa tunafika penye fundo lenyewe. Kwa upande wa tabia, samaki hawa wanataka kuingia wengi kwa pamoja. Kwa upande wa maji, wengi kwa pamoja ndiyo njia ya haraka ya kuwaua.

Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa hutoka kwa matamvua, si kwa kinyesi kama watu wanavyodhani. Mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Amonia inaunguza matamvua. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, damu inakuwa ya kahawia, na samaki anatweta ilhali oksijeni ipo majini. Nitrati ni hafifu zaidi, na ukiiweka chini ya miligramu 20 hadi 40 kwa lita kwa kubadilisha maji, mambo yanakwenda. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye anayeshughulikia nitriti. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa zaidi na bakteria wa jenasi nyingine, Nitrospira.

Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Wamejishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga, kwenye mimea, na hukua polepole. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla halijaweza kumudu uchafu wa kundi. Ukiweka neoni kumi na wawili siku ulipojaza maji, amonia itapanda kwa siku chache, nitriti itafuata, na vifo vitaanza wakati maji bado yanaonekana meupe kama ya kunywa. Uwazi wa maji hausemi chochote kuhusu amonia.

Njia ya kulifungua fundo ni kuwalisha bakteria kabla samaki hawajaja. Washa chujio, tia chakula cha samaki kidogo kila siku kioze, au tone la amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, na upime. Ukipata sponji iliyokwisha kutumika katika tangi lenye samaki wazima, iweke kwenye chujio lako. Inakata muda sana. Siku utakapotia amonia na kesho yake ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, huku nitrati imepanda, tangi liko tayari. Badilisha maji mengi kupunguza hiyo nitrati, kisha ingiza nusu ya kundi: sita kwanza, na sita wengine baada ya wiki mbili. Sita wanatosha kupeana moyo, na bakteria wanapata muda wa kuongezeka. Kuingiza wawili kila wiki, kama baadhi wanavyoshauri kwa nia njema, kunawapendelea bakteria kwa hasara ya samaki.

Jambo moja la kemia linaeleza vifo vingi vya kushangaza. Amonia majini iko katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo kali, na kinachoamua mgawanyo ni joto na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: kadiri asidi inavyozidi, ndivyo namba inavyoshuka. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia moja ya amonia yote katika sura kali. Kwenye pH 8 ni kama asilimia tano. Tangi lililotelekezwa kwa miezi huwa na pH iliyoshuka, amonia imejilimbikiza bila kuonyesha makali, na samaki wanavumilia. Kisha mwenyewe anaamka siku moja na bidii, anabadilisha nusu ya maji kwa maji mapya yenye pH ya juu, na usiku samaki wanakufa. Analaumu maji mapya. Maji mapya yaliamsha tu sumu iliyokuwa imelala. Tangi la namna hiyo hurudishwa kidogo kidogo, asilimia kumi leo, kumi kesho.

Kwa tangi linalotunzwa, robo ya maji kila wiki inatosha. Maji yenye klorini yakikaa wazi kwenye ndoo siku nzima, klorini huondoka. Kloramini, ambayo baadhi ya mitambo ya maji huitumia badala yake, haiondoki hivyo. Inataka dawa ya kuondoa klorini, na kiungo chake cha kawaida ni sodiamu thiosalfeti. Linganisha joto la maji mapya na ya zamani kwa kipimajoto, maana mkono hudanganya.

Kuosha chujio kuna adabu yake. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, toa sponji, ikamue humohumo. Maji yanageuka rangi ya chai, vipande vya uchafu vinazunguka, na mkono unatamani kuipeleka bombani mpaka iwe nyeupe kama mpya. Usiipeleke. Ule utelezi unaobaki ndio wafanyakazi wako, na klorini ya bombani itawaua. Ikamue mara mbili tatu mpaka maji yapite kwa urahisi, irudishe ikiwa bado na rangi yake ya kahawia.

Kuhusu ulaini wa maji, yaani uchache wa madini ndani yake, watu hujisumbua kupita kiasi. Rio Negro ina maji laini sana yenye asidi, na kardinali wengi kwa miongo mingi wamevuliwa huko, hasa karibu na mji wa Barcelos nchini Brazili. Hao wanayathamini maji laini. Neoni wengi wanaouzwa, kwa upande mwingine, wamezalishwa mashambani na wamezoea maji ya wastani. Maji yasiyobadilikabadilika ni bora kuliko maji yanayofukuzia namba fulani kwa kemikali za kila wiki.

Joto linataka umakini zaidi. Neoni hustarehe kati ya nyuzi 22 na 26, kardinali hupenda kidogo zaidi ya hapo, na danio hapendi joto kali. Maji yakipanda hadi nyuzi 30, oksijeni inayoweza kuyeyuka humo hushuka kutoka karibu miligramu 9 kwa lita, kiwango cha nyuzi 20, hadi kama 7.5, na wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni zaidi. Elekeza mdomo wa chujio usukasuke uso wa maji, au weka pampu ya hewa.

Maficho, mwanga na sahani

Wengi huondoa mimea ili samaki waonekane. Matokeo huwa kinyume. Samaki asiyejua pa kukimbilia hukaa palipo salama zaidi, na katika tangi tupu hapo ni kona ya nyuma. Jaza mimea nyuma na pembeni, acha uwazi katikati na mbele, weka mimea michache inayoelea ili mwanga usiwapige wima. Mchanga mweusi au wa kahawia unawafanya watulie na rangi zao zikolee, mweupe unawapausha. Koridora wanataka mchanga laini hasa, kwa sababu wanauchota mdomoni na kuutoa kwa matamvua wakitafuta chakula, na changarawe kali huwakwaruza na kuwaharibia ndevu.

Usiwashe taa ya tangi ghafla chumba kikiwa giza. Kundi zima linaruka, mmoja anajigonga kwenye kioo, na pasipo kifuniko utamwokota sakafuni. Washa taa ya chumba kwanza, ngoja robo saa. Utawakuta neoni wamepauka, mstari wao wa buluu umefifia hadi zambarau au kahawia, na wengi wanaoanza huogopa. Buluu ile si rangi ya kupaka. Inatokana na fuwele ndogo sana zilizopangwa ndani ya seli za ngozi zinazorudisha mwanga, na nafasi kati yake hubadilika usiku na mchana. Baada ya muda mfupi wanang'aa tena.

Chakula kiwe kidogo kuliko unavyofikiri, na midomo yao ni midogo pia: saga zile karatasi za chakula kati ya vidole. Mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika mbili. Katika kundi wapo wanaowahi juu na wapo wanaosubiri, kwa hiyo nyunyiza ncha zote mbili za tangi badala ya mahali pamoja, la sivyo wababe watavimba matumbo na wanyonge watakonda. Koridora si wafagizi. Hawali kinyesi, na mabaki yanayowafikia ni machache. Watupie kidonge kinachozama taa zikizimwa. Ukiwaona wakipanda mbio juu, wanadaka hewa na kushuka, usihofu: wanaweza kupumua hewa kupitia utumbo. Wakifanya hivyo mfululizo kutwa nzima, hapo ndipo uangalie oksijeni.

Wa kuishi nao, kanuni ni mdomo. Samaki malaika, mwenye umbo la pembetatu na mapezi marefu, huuzwa akiwa mdogo kama sarafu na hufikia sentimita 15. Neoni huingia mdomoni mwake vizuri sana.

Kulisoma kundi

Faida kubwa ya kundi kwa mfugaji haitajwi mara nyingi: linakuonyesha tatizo mapema. Wote wakiwa juu wakitweta, tatizo ni maji, si samaki. Pima amonia na nitriti, badilisha maji mara moja. Wote wakiwa wamebana kona moja, kuna kinachowatisha, na huenda ni samaki mwenzao au kivuli cha watu wanaopita. Mmoja akijitenga, huyo ndiye wa kuangaliwa. Samaki wa kundi anayekaa peke yake kwa hiari karibu kila mara ni mgonjwa, na hujitenga siku kadhaa kabla dalili nyingine hazijaonekana.

Ugonjwa wa madoa meupe, punje kama za chumvi mwilini, husababishwa na kidudu kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kikiwa chini ya ngozi ya samaki dawa haikifikii. Hudondoka, hujizungushia ganda chini, hugawanyika kuwa mamia, na watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huua hao wanaoogelea tu, ndiyo maana kuacha matibabu madoa yanapotoweka ni kumkaribisha arudi. Endelea siku kadhaa zaidi, kama maelekezo ya dawa yanavyosema.

Neoni wana ugonjwa mwingine, wa kimelea kinachovamia misuli: mwili unapauka kwa mabaka, mgongo unapinda, samaki anaachwa nyuma. Hauna tiba. Unaenea samaki wanapodonoa maiti ya mwenzao, kwa hiyo mgonjwa atolewe mapema na aliyekufa asilale tangini hata usiku mmoja. Kinga pekee ya maana ni karantini: wageni wakae tangi la pembeni wiki mbili hadi nne, lenye sponji yake na wavu wake, na wawekwe huko kwa kundi, si mmoja mmoja.

Kundi nalo huzeeka. Neoni waliotunzwa huweza kufika miaka mitano au kupita, na hawafi siku moja. Utafika wakati kumi na wawili wamebaki wanne, wazee, wenye migongo ya kupinda kidogo, na mchakamchaka wa zamani haupo. Wengi hapo hukosea kwa kuleta aina mpya ya kujaza nafasi, na wale wanne wanamalizia maisha yao wakiwa wageni kwao. Ukitaka tangi liendelee, leta sita vijana wa aina ileile kupitia karantini. Wazee watawapokea bila ugomvi wa maana. Ukitaka kubadilisha aina, mtafute kwanza mwenye kundi kubwa la neoni akupokelee hao wanne, ndipo ulete wapya.